Isisomwe Hewani

Ndugu na jamaa, majirani, walimu, wanafunzi wa zamani na wa sasa, na nyote mlioacha shughuli zenu asubuhi hii mkaja kusimama nasi, familia imemtuma binti wa marehemu awasomee maisha ya mama yake, na kabla hajaanza anaomba jambo moja lieleweke, kwamba siku ya Jumatano chuo kilituletea historia iliyokwisha kuandikwa, ukurasa mmoja na nusu, nembo juu na mhuri chini, tukaambiwa imepitishwa na kamati na kilichobaki ni kuisoma tu. Tumeisoma, nyumbani, tukiwa tumekaa. Tarehe zake nyingi ni sahihi, na kwa hizo tunashukuru. Mtakayoisikia sasa ni nyingine.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi mwaka 1950, katika nyumba ya wafanyakazi wa posta, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa karani wa posta na mshonaji wa nguo, na kwa kuwa chumba alimozaliwa kilitenganishwa na ukumbi wa kuchambulia barua kwa ukuta mmoja tu, bibi yetu alizoea kusema kwamba mwanawe alisikia mhuri ukigongwa kabla hajasikia jina lake. Babu yetu alikuwa mtu wa utaratibu kupita kiasi, mtu wa kunyoosha hata foleni isiyo na watu, lakini mteja asiyejua kuandika vizuri alipomletea barua yake aitazame kabla ya kuifunga, hakusahihisha hata herufi moja, alisema tu kwamba nyumbani watamjua kwa makosa yake, akaigonga mhuri. Binti yake wa tatu alikuwa chini ya meza, akichezea kamba za magunia ya barua, na alisikia.

Alianza shule ya msingi mwezi Januari 1957, akamaliza akiwa wa pili darasani, wa kwanza akiwa mtoto wa mwalimu mkuu, jambo ambalo aliendelea kulitilia shaka hadi uzeeni. Mwaka 1965 alijiunga na shule ya bweni ya wasichana, na huko akawa mwandishi wa barua za wenzake, hasa zile ambazo matroni hakupaswa kuziona, mpaka siku moja barua mojawapo ikakamatwa, mwandiko ukatambuliwa, akaitwa mbele ya mkuu wa shule aseme ni barua ya nani. Hakusema. Alisugua sakafu ya bwalo kwa muhula mzima, na mwenye barua ile, ambaye leo ni bibi wa wajukuu wengi na tunamwona hapa, ametupa ruhusa tuseme kwamba ni yake.

Aliingia chuo kikuu Julai 1971 kusomea lugha na historia, akahitimu mwaka 1974, akafundisha sekondari miaka minne, na mwaka 1978 akarudi chuoni kama mhadhiri msaidizi na mwanafunzi wa shahada za juu, akiwa na mada iliyowachekesha watu ukumbini, kwa maana alitaka kuchunguza barua ambazo wasikilizaji walizituma redioni katika kipindi cha salamu. Profesa aliyeongoza kikao alivua miwani akamwuliza, "Bibi, unataka tukupe udaktari kwa ajili ya wasalimie wote wanaonifahamu?" Naye akajibu, "Ndiyo, Profesa, na hasa kwa ajili ya hilo neno wote." Tangu siku hiyo baadhi ya wenzake walimwita Daktari wa Salamu, kwa dhihaka, na wanafunzi wakamwita Mama Barua, kwa mapenzi, na aliitika majina yote mawili.

Tarehe 3 Oktoba 1978 alikwenda kwenye jengo la redio kuomba asome barua hizo, akakalishwa kwenye benchi la ukumbini siku tatu, kwa sababu mtangazaji wa kipindi, ambaye nchi nzima ilimfahamu kwa jina la Sauti, hakutaka mtu azishike. Siku ya tatu alitoka studio akamwambia, "Hizi barua ni zangu, dada." Akamjibu, "Ni zako? Umeandikiwa wewe?" Akasema, "Zimepitia kwangu." Naye akasema, "Basi wewe ni bomba, nipishe niyaone maji." Sauti alikisimulia kisa hicho kwenye kila sherehe, kila mara benchi likiongezeka siku moja, na walipofunga ndoa Jumamosi ya tarehe 9 Februari 1980 lilikuwa limefika wiki mbili. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1981, ambaye ni mfamasia na ndiye anayesoma mbele yenu, na mdogo wake wa kiume aliyezaliwa 1985, ambaye ni mpima ardhi, na wamempatia marehemu wajukuu wanne.

Hapa inabidi tueleze jambo ambalo ukurasa wa chuo haukuligusa, nalo ni hili, kwamba barua zilizofika kwa Sauti zilikuwa za namna mbili. Nyingi zilikuwa za salamu, za kusomwa, mtu kamsalimia shemeji, dereva kamsalimia mkewe na abiria wake wote, na hizo marehemu aliziandikia kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2004, akionyesha kwamba watu hawakungoja simu za mkononi wala mitandao ndipo wajifunze kuzungumza na mmoja mbele ya wote, walikuwa wakifanya hivyo kwa stempu. Lakini zilikuwapo na nyingine, chache, ambazo mwandishi alipiga mstari chini na kuandika isisomwe hewani, na humo watu walimweleza Sauti mambo ambayo hawakuwa na wa kumweleza, kwa kuwa walimsikia kila jioni wakadhani ni mtu wao. Yeye alizijibu kwa mkono, usiku na mchana, kisha akazifungia kwenye maboksi ya viatu, na hakumpa mkewe azitumie kwenye utafiti hata walipokuwa wamekwisha kuoana, na mkewe hakuomba mara ya pili.

Mwaka 1993 redio ilihamia jengo jipya, Sauti akapunguzwa kazini pamoja na meza yake, na barua zote zikatolewa uani zichomwe. Alimpigia mkewe simu chuoni, mkewe akaenda kwa jirani yetu mwoka mikate, akaomba gari, na wakasomba barua safari tatu, ndiyo maana maboksi yale yalinukia mkate kwa miaka mingi. Yaliwekwa kwenye chumba cha binti, kwa kuwa ndicho kilichokuwa kikavu, na binti, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, akahamishiwa kwenye kochi la sebuleni kwa muda, na muda huo ulikuwa miaka tisa. Anasema hivyo bila kumlaumu marehemu, au anamlaumu kidogo, kwa maana historia hii ikificha hilo itakuwa haina tofauti na ile ya kamati.

Sauti naye hakuwa rahisi kuishi naye baada ya hapo. Alikaa mezani na redio ambayo hakuifungua, mkewe akiwa chumbani na taa, akinakili miandiko, na siku moja sote tulimsikia akisema, "Mimi niko hai hapa mezani, mke wangu, na wewe unanitafuta kwenye maboksi." Marehemu alitoka na kalamu mkononi akasimama, akamwekea chai. Sauti alifariki tarehe 17 Agosti 1999 kwa kiharusi, na kabla maneno hayajamwishia alimshika mkono akamwambia, "Zile za viatu usimpe mtu." Akaahidi.

Kazini alipanda ngazi polepole, si kwa uvivu wake. Aliomba uprofesa mwaka 2005 akanyimwa, akaomba 2007 akanyimwa, mara zote mbili akiambiwa kazi yake haina upana, na alipopewa, tarehe 1 Julai 2009, ilikuwa ni kwa sababu upepo umegeuka, kila mtu chuoni amegundua kwamba kuna kitu kinaitwa utamaduni wa kidijitali, wageni wanakuja kukiulizia, na mtu pekee aliyekuwa amefikiri kuhusu jambo hilo kwa miaka thelathini alikuwa yule bibi wa ghorofa ya tatu mwenye dirisha lisilofungika. Wale wale waliomcheka walimvika kilemba cha ukoka, wakamkalisha kwenye meza za mbele, wakampiga picha. Yeye alikuja nyumbani akasema, "Leo nimekuwa mwanzilishi. Jana nilikuwa kichaa. Mishahara ni ileile."

Mwaka 2006 alikuwa amempokea mwanafunzi wa uzamivu ambaye alimpa mwenyewe jina la Kalamu, kwa wepesi wake wa kuandika, na tutaendelea kumwita hivyo. Alimfundisha kusoma miandiko mibaya, akamfundisha kutofautisha mtu aliyekosea herufi na mtu aliyetetemeka, akamsahihishia tasnifu mara sita, na kwa miaka mitano hakuna Jumapili ambayo Kalamu hakunywa chai jikoni kwetu, akimwita marehemu Mama, akituita sisi dada na mdogo wangu. Alihitimu 2011, na mwaka 2013 akawa mkuu wa kituo kipya cha utamaduni wa kidijitali, na katika ufunguzi alisema mbele ya watu kwamba yeye ni tunda la mti mmoja, akamwonyesha kwa kidole. Marehemu alilia siku hiyo, kwa furaha, na hatukumwona tena akilia kwa furaha.

Alistaafu tarehe 31 Julai 2015. Kituo kiliomba barua ziskaniwe ziwekwe mtandaoni, naye hakukataa, alitaka masharti mawili tu yaandikwe, la kwanza kwamba karatasi zenyewe zitunzwe, hata baada ya kuskaniwa, la pili kwamba zile za viatu zisiguswe kabisa mpaka wenyewe watafutwe na waulizwe mmoja mmoja. Kalamu alisema sawa, Mama, nitalifikisha. Akalifikisha wapi hatujui, kwa maana karatasi ya masharti haikuja, miezi ikapita, na mwezi Aprili mwaka 2016 figo za marehemu zikafeli, akalazwa.

Ukurasa wa chuo unasema kwamba mwaka 2016 marehemu alikabidhi mkusanyiko wake kwa hiari. Hakukabidhi. Siku ya Alhamisi, tarehe 21 Aprili 2016, saa nne asubuhi, marehemu akiwa amelala wodini na mpira wa kusafishia damu shingoni, Kalamu alifika nyumbani na gari la mizigo na vijana wanne wa kituo, na aliyemfungulia mlango ni binti wa marehemu, huyu anayesoma. Alimwuliza, "Mama anajua?" Akajibiwa, "Anajua, dada, tulishakubaliana, hii ni taratibu tu, weka sahihi hapa." Binti alikuwa ametoka hospitali asubuhi hiyo, daktari amemwambia mgonjwa akirudi asikae na vumbi, na alikuwa na miaka thelathini na minne, na tangu alipohamishiwa kwenye kochi aliyachukia maboksi yale. Hakupiga simu wodini. Aliweka sahihi. Vijana walipomaliza, gari limekwisha kuwashwa, aliona kwamba wamesahau yale sita ya viatu, juu ya kabati, akawaita warudi, na kwa kuwa yalikuwa mepesi akayabeba mwenyewe hadi kwenye gari.

Hilo hakuna aliyelijua nje ya nyumba yetu mpaka leo.

Marehemu alirudi nyumbani tarehe 9 Mei, akitembea kwa kushika ukuta, akasimama kwenye mlango wa chumba kilichokwisha kupigwa rangi mpya. Aliuliza swali moja, "Na zile za viatu?" Binti akasema, "Zote, Mama." Akakaa kwenye kitanda akatazama mikono yake. Wiki nzima hakuzungumza naye ila kwa habari ya dawa, kisha asubuhi moja, wakimsubiri dereva wa kuwapeleka kwenye mashine ya kusafisha damu, akasema, "Wewe umefungua mlango tu. Njia nilimwonyesha mimi, miaka mitano, kwa chai." Hakusema amesamehe, na hakulisema hata baadaye, na binti hakuwahi kumwomba aseme.

Aliandika chuoni mara kumi na moja. Alijibiwa mara moja tu, kwa barua ya kamati ya maadili ya utafiti, kwamba mkusanyiko ulipokelewa kihalali, na nakala ya ushahidi imeambatishwa, na ushahidi huo ulikuwa ni sahihi ya mwanawe.

Tovuti ilizinduliwa Ijumaa ya tarehe 6 Oktoba 2017 katika ukumbi mkubwa wa chuo, na marehemu alipelekewa kadi ya mwaliko, kiti mstari wa nne. Kwenye skrini zilipita barua za salamu, watu wakatabasamu, zikapita nyingine, kisha ikaja moja ambayo aliijua kabla hajaisoma, kwa ule mstari uliopigwa chini, jina la mwandishi limefunikwa kwa wino lakini jina la shule alikofanya kazi linasomeka, na watu wakaanza kucheka, kwa sababu mwandishi aliandika kama alivyotamka, herufi zikigongana. Marehemu alisimama akasema, "Iteremsheni hiyo." Mkuu wa kitivo akasema kwa upole kwenye kipaza sauti, "Profesa, maswali tutayachukua baadaye." Akasema, "Si swali." Kalamu, aliyekuwa jukwaani, alitazama karatasi zake. Msichana mmoja wa mapokezi alikuja na chupa ya maji akamshika kiwiko, na hivyo ndivyo marehemu alivyotolewa kwenye ukumbi aliofundisha miaka thelathini na saba.

Wiki iliyofuata barua ile ilikuwa kwenye simu za watu. Mlioiona mnaikumbuka, na wengi mmeiona, mstari mmoja ulikatwa ukawekewa vikaragosi vinavyotoa machozi ya kicheko, ukawa wa kutumiana kila mtu anapokosea kuandika. Kilichokuwa kabla ya mstari ule na baada yake hakikutumwa, maana hakichekeshi, mwanamke alikuwa anamwuliza Sauti afanye nini, mumewe anamlea mtoto asiye wake na hajui.

Mwezi Novemba alikuja nyumbani kwetu mwanamke mzee aliyestaafu upishi wa shule, hakutaka kukaa, akasimama mbele ya kochi akiwa na mkoba mikononi. Alisema, "Mimi nilimwandikia Sauti. Sauti amekufa, nilisikia redioni. Sasa nani amenijibu kwa niaba yake?" Marehemu akamwambia, "Ni kosa langu, mama." Yule akasema, "Mwanangu ameonyeshwa kazini, wenzake wanacheka herufi zangu. Yeye ndiye aliyezijua, kwa sababu ndizo nilizomfundishia kuandika. Akaitafuta barua yote mtandaoni, akaisoma. Amenipigia simu akaniuliza swali moja, nikanyamaza, naye akakata." Marehemu aliteremka kwenye kiti akapiga magoti, akiwa na ule mkono wake wenye bandeji ya mashine, na mpishi akamwambia, "Inuka, unaumwa." Alikubali maji. Mwanawe hajarudi kwake hadi leo, na mumewe alifariki akiwa hajaambiwa lolote, na mama huyo ameturuhusu tuyasimulie haya, akatuomba tuseme yupo kati yetu ila tusimwonyeshe.

Kuanzia Januari 2018 marehemu alifanya kazi ya mwisho ya maisha yake, ambayo haimo kwenye orodha ya machapisho yake. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alikuwa kwenye mashine, na siku zilizobaki, akiwa na nguvu, alichukua daftari ambamo zamani Sauti alimwandikia anwani, anwani tu, za watu wa maboksi ya viatu, akakaa kwenye kiti cha mbele cha gari, binti akaendesha, wakaenda kugonga mlango mmoja baada ya mwingine kuwaeleza wenyewe kwamba siri yao imetoka na kwamba ilitoka nyumbani kwake. Waliwapata watu ishirini na watatu katika miaka minne. Wengine walikuwa wamekufa, akaambiwa na watoto wao kwamba hakuna haja, na hakueleza haja ilikuwa nini. Dereva mmoja wa lori alicheka mpaka akakohoa, akasema kwa umri wake anaona fahari kuwa na siri inayotafutwa, akawakaanga mayai. Wanne walifunga mlango. Mmoja, mwalimu, alimsikiliza mpaka mwisho kisha akamwuliza, "Na wewe, Profesa, ungependa nani asome zako?" Alirudi kwenye gari akakaa na mkanda mkononi bila kuufunga, na binti akasubiri.

Mwezi Juni 2018 kituo kilihamishiwa ofisi ndogo, nafasi ikawa finyu, na karatasi zote, za salamu na za viatu, zilizonusurika moto kwa gari la mikate, zikapelekwa kwenye mashine ya kukatakata na kiwanda cha kusindika upya. Hatukuambiwa. Mwezi Februari 2020 fundi mitambo wa chuo, kijana ambaye hakuwahi kuwa mwanafunzi wake, alitupigia simu kwa hiari yake akasema, "Mama, seva ilikufa tangu mwezi wa kumi na moja, hakuna nakala ya akiba, nimetafuta kila mahali, nisingependa usikie kwa mwingine." Marehemu akamwuliza, "Hakuna kilichobaki?" Akasema, "Hakuna." "Hata za viatu?" "Hata hizo, Mama." Akasema, "Afadhali," na baada ya kukata simu akalia kwa ajili ya zile nyingine, za salamu, ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Wakati huo Kalamu alikwisha kupandishwa kuwa profesa, kwa kazi aliyoandika juu ya barua hizo, na jina la marehemu limo humo, kwenye shukrani, likiwa la saba.

Hivyo katika kazi ya maisha yake yote, kilichobaki mtandaoni hadi leo ni mstari mmoja wenye makosa na vikaragosi vinavyocheka.

Mwezi Januari mwaka huu moyo ulianza kushindwa kuivumilia mashine, akalazwa tarehe 20 Februari, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Alhamisi ya tarehe 2 Machi muuguzi kijana, aliyempenda na aliyemwita Bibi, alimwona amenyong'onyea akataka kumchangamsha, akatoa simu yake akasema, "Bibi, hebu ona hii ucheke kidogo," na ilikuwa ni ile. Sisi tuliokuwa pembeni tulisimama. Marehemu aliishika simu kwa mikono miwili, akaisoma kama hajawahi kuiona, akamwambia, "Aliyeandika hii namfahamu, ni mama mmoja, alikuwa mpishi, naomba uifute, mwanangu." Muuguzi aliifuta mbele yake, akamwonyesha kwamba imefutika, akatoka nje ya wodi, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu na alileta shuka safi. Marehemu alimwambia binti yake jioni hiyo kwamba yule mtoto amefanya kwa nusu dakika jambo ambalo kitivo kizima kilishindwa kwa miaka mitano.

Alifariki Jumapili ya tarehe 5 Machi 2023, saa nne na dakika arobaini asubuhi, watoto wake wote wawili wakiwa kitandani pake, siku tisa kabla ya kutimiza miaka sabini na mitatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo kwa miaka karibu saba ya kumrudisha kwetu mara tatu kwa wiki, inamshukuru jirani yetu mwoka mikate, ambaye sasa ni mzee na amekuja kwa mkongojo, inawashukuru majirani wote waliotupikia na kutulazia wageni, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa ghorofa ya tatu waliofika hospitali, ambao ni mkutubi na msafishaji, na inamshukuru fundi mitambo kwa simu ile. Chuo kimetuandikia kwamba kinakusudia kukiita kituo cha utamaduni wa kidijitali kwa jina la marehemu, na majibu ya familia, tunayoyatoa hapa mbele ya wawakilishi wake ili yasipotelee njiani, ni kwamba hapana.

Tuna ombi moja, nalo halihitaji kamati. Katika mikoba na mifuko yenu mna simu, na katika simu za baadhi yenu, kwenye makundi ya familia, ya kazini, hata ya msiba huu, picha ile bado imo. Jeneza halijashushwa. Tunaomba kila mwenye nayo aitafute sasa hivi, aifute, na sisi tutasubiri, hatuna haraka, na mwenyewe aliyeiandika amesimama kati yenu akitazama chini.

Asanteni. Mama, kazi imekwisha, pumzika.